Mahudhurio ya Njia ya Moto

Odilia alikuwa anapalilia mbaazi nyuma ya nyumba aliposikia lori likinguruma ndani ya msitu. Siyo barabarani, ndani. Tena lilikuwa linatembea bila shida, na hiyo bila shida ndiyo iliyompandisha damu, maana njia lililopita aliitengeneza yeye.

Msitu wenyewe mdogo tu, unauzunguka kwa miguu na kurudi chai haijapoa. Uko mwisho wa Katindiuka, pale mji wa Ifakara unapochoka na majaruba ya mpunga yanapoanza. Katikati kuna chemchemi, na juu ya chemchemi ilisimama mivule mitano. Serikali iliuweka akiba zamani, na mlinzi wake wa kwanza alikuwa baba yake Odilia. Mzee yule aliacha desturi moja. Kila mwaka, wiki ya baada ya Pentekoste, nyasi zikianza kukauka, kila kaya ilitoa mtu mmoja kufyeka ukanda kuuzunguka msitu, ili moto wa mashambani ukifika hapo ufe. Ukanda huo waliuita njia ya moto. Asiyetokea alifuatwa na kina mama na kuimbiwa mlangoni mpaka aone haya na kutoka. Mzee alipofariki, filimbi ya kuitia watu ilibaki kwa Odilia, pamoja na daftari la mahudhurio.

Mwaka huo, tisini na sita, Alfonsi alikuja na pikipiki yake. Alikuwa bwana misitu mpya, kijana mwenye heshima nyingi mdomoni.

"Shikamoo mama. Mwaka huu tuboreshe kidogo. Tukate na njia ya kati, pana, mpaka kwenye chemchemi. Moto ukiruka, watu waingie na ndoo."

Odilia akavimba kichwa. Bwana misitu mzima anakuja kushauriana na yeye, mtu wa darasa la nne! Hakuuliza swali hata moja. Kazi ya siku moja ikawa ya siku nne. Walikata miti midogo, wakang'oa visiki, wakasawazisha vichuguu.

Seni peke yake ndiye aliyegoma. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka sita nyuma.

"Mama Wendelin, mtu mwenye ndoo anaruka kisiki," alimwambia Odilia. "Visiki tunamng'olea nani?"

Swali zuri namna hiyo, na Odilia alilijibu kwa filimbi. Kina mama wakaenda kumwimbia Seni mlangoni, mkewe akajifunika khanga usoni kwa aibu. Siku ya tatu Seni alileta maksai wake, akang'oa visiki vyote bila kufungua mdomo, na tangu hapo hakumsalimia tena Odilia. Kazi ilipokwisha Alfonsi aliazima daftari la mahudhurio, eti akawasifie wananchi ofisini.

Sasa ilikuwa Agosti, na Odilia alikuwa anakimbia kwenye njia ile pana, laini, isiyo na kisiki hata kimoja.

Mivule miwili ilikuwa chini. Msumeno wa injini ulikuwa bado unatoa moshi, na unga wa mbao umetanda juu ya maji ya chemchemi. Dereva na wapasuaji wanne walikuwa wamekaa juu ya gogo wanakula mihogo. Alfonsi alikuja mbio, karatasi mkononi.

"Shikamoo mama."

Odilia hakuitikia. Tangu azaliwe hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu bila marahaba.

"Kibali kipo, mama. Miti iliyokomaa inavunwa. Tunamalizia hii mitatu kesho, lori lipakie liondoke. Na ninyi si mlishirikishwa? Barabara mmechonga wenyewe, kwa hiari. Mahudhurio yenu nimeyaambatisha hapa."

Akafunua. Nyuma ya kibali yalikuwa majina ya Katindiuka nzima, kwa mwandiko wa Odilia, na sahihi yake chini. Alitamani kumzaba kofi. Kisha alitamani kujizaba mwenyewe, tena mara mbili. Alikuwa amewaimbia watu milangoni ili waje kumfungulia mwizi!

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Seni, akamkuta anafunga nira.

"Seni, ulisema kweli nikakudhalilisha mbele ya mkeo. Nimekosa. Wamekata miwili. Nisaidie mitatu iliyobaki."

Seni alimalizia kufunga nira. "Piga filimbi yako, mama," alisema.

Ilikuwa saa nane mchana. Watu walitoka na majembe na sururu, wengine bado wakitafuna, na Odilia akawaeleza yote, kosa lake akilitanguliza. Baadhi walimtukana, naye akakubali. Kisha wakaenda pale njia ya kati inapotokea kwenye mashamba. Wale ni wakulima wa mpunga, kuchimba mfereji hawafundishwi. Maksai wa Seni walikatua, watu wakachimba mpaka kiunoni, kisha wakazibua kijito cha chemchemi kikaingia humo. Udongo mweusi wa bondeni ukinywa maji, hata ng'ombe anazama.

Jioni dereva alitaka kwenda kulala mjini, akaona maji njiani, akadhani ni dimbwi tu, akaliingiza lori. Magurudumu ya mbele yalizama mpaka kwenye bampa. Dereva alishuka, akatukana ukoo mzima wa Alfonsi, akasema hapakii tena hata kijiti. Wapasuaji wakafunga msumeno wao, wakaondoka kwa miguu kuelekea mjini. Nani akate mvule asioweza kuutoa?

"Fukieni leo hii!" Alfonsi alifoka, suruali imelowa matope. Heshima yote ilikuwa imemwisha. "Nani kaamuru huu upuuzi?"

"Tutafukia," Odilia alisema. "Kazi ya kujitolea ina wiki yake, bwana misitu. Baada ya Pentekoste."

"Hiyo si mwakani?"

Odilia alitoa daftari jipya ndani ya khanga. Majina yalikuwa yameshaandikwa, la Seni likiwa la kwanza, na sahihi ya Odilia mwenyewe chini. Akachana ukurasa, akamkabidhi.

"Mahudhurio ya leo," alisema. "Ambatisha."