Hodi ya Tatu

Mama Murhula hakuwa anapotea. Alikuwa anatembelea watu. Hilo mwanawe alichelewa kulielewa.

Kila alasiri, Murhula akiwa bado ghalani anapanga maboksi, mama alijifunga kitenge chake kizuri akaushika mtaa wao wa ugenini, Minto, nyumba kwa nyumba. Alisimama mlangoni akapiga hodi. Akangoja. Akapiga ya pili, kisha ya tatu. Asipojibiwa aliondoka, kama alivyofunzwa utotoni Bukavu, maana hodi ya nne ni ya mtu asiye na adabu. Akaenda mlango unaofuata, hadi milango ikaisha na barabara kubwa ya malori ikaanza.

Polisi walimrudisha mara mbili. Daktari akasema ikitokea tena, itabidi atafutiwe nafasi katika makao ya wazee. Siku iliyofuata Murhula alifunga mlango kwa nje akaenda kazini, wala hakumwambia mtu. Yeye aliyemvusha mama mipaka miwili kwa mguu, leo aombe watu wamtazamie?

Rispah, muuguzi Mkenya wa kanisani kwao, alileta chapati siku yake ya mapumziko, akasikia hodi ikitoka ndani. Mama alikuwa anabisha mlango wake mwenyewe ili atoke. Rispah akaketi kizingitini, akaongea naye kupitia tundu la ufunguo mpaka Murhula aliporudi.

"Wewe kaka, mzazi humfungii kama mbuzi," alimwambia bila kupandisha sauti. "Unaogopa nani ajue? Mtaa mzima unamjua. Ni wewe tu hujui kwamba wanamjua."

Maneno yalimchoma, naye ni mwepesi wa kuwaka. Usiku huo hakula. Lakini Jumamosi alikimeza kiburi chake, wakapita yeye na Rispah milango ile ile. Kila mwenye nyumba alifundishwa neno moja, karibu, na namba ya Murhula ikabandikwa kwenye friji yake. Mzee wa Kisamoa wa nyumba ya kona alilirudia neno, "kalipu, kalipu," mpaka mkewe akaishiwa nguvu kwa kicheko.

Barabara kubwa haikumwona mama tena. Alikunywa chai nyumba hii, akamenya viazi nyumba ile, na jirani mmoja akamsindikiza hadi kwake.

Murhula peke yake ndiye hakukaribishwa. Aliingia kwa ufunguo wake, na mama akajikunyata kwenye kochi akiuliza ni nani huyu anayeingia nyumba za watu kama mwizi. Kijana alitamani kitu kimoja tu duniani: alisikie jina lake katika kinywa kile.

Ijumaa moja, badala ya kujieleza, alirudi nje. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

"Hodi."

Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, ya mwisho.

"Karibu, baba, karibu."

Mama alifungua mwenyewe. Alimkalisha, akampa chai iliyokwisha poa, akamwomba radhi kwamba mwenye nyumba hajarudi kutoka kazini.

"Ila usiondoke. Murhula wangu hachelewi. Ana hasira za karibu, lakini hajawahi kulala bila kunisalimia."

Murhula akashika kikombe kwa mikono miwili. Wakakaa bega kwa bega, macho mlangoni, wakimngoja.