Konzi Moja Kabla ya Maji Kuchemka

Mwaka ule serikali ilipofuta sikukuu ya Noeli, ikaifanya siku ya kazi, nilikuwa Kisangani nikingoja meli ya kushuka Kinshasa. Nilikuwa nimeshazunguka: Kindu, Buta, Bunia, hata Kigoma ng'ambo ya ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuziba sufuria, na sufuria hutoboka kila mahali.

Chumba nilikipata mtaa wa Mangobo, kwa Papa Benoît, fundi wa mbao, na mke wake Mama Angèle. Kwenye karatasi za serikali walikuwa na majina mengine, sababu yale ya ubatizo yalikatazwa. Pale mtaani hakuna aliyeyajua hayo mengine.

Nilipanga wiki mbili, nikakaa miezi. Meli haikuja, na mama yule alipika vizuri. Kila alipopika wali, kabla maji hayajachemka, alichota konzi moja ya mchele, kiasi cha mkono kufumba, kwenye chakula chetu wenyewe, akaitia ndani ya kopo la maziwa. Alisema, "Bwana, hii ya mwenye kulala njaa," akafunika. Kila Ijumaa wamama wa kanisa walipita kukusanya, wakapelekea mgonjwa au mzazi.

Mimi sikuwa mtu wa kanisa. Nilimchokoza.

"Mama Angèle, Mungu anakula wali?"

"Anakula na midomo ya watu, Papa Évariste. Ya kwako peke yake inamaliza sahani mbili."

Papa Benoît alicheka mpaka akakohoa.

Mwezi wa pili homa ilimshika Benoît Jumatatu. Jumatano tulimzika. Watu wa matanga walikaa, wakaimba, wakaenda zao. Mama Angèle akabaki amelala kwenye mkeka, uso ukutani. Jirani yetu Kadidja, Mwislamu wa Kasongo, alikuja kulala naye ndani ili asiwe peke yake, na ili watu wasipate la kusema juu yangu.

Ijumaa ya kwanza wamama walileta chakula kutoka kwenye makopo yao. Mama Micheline, mkubwa wao, alitaka waombe pamoja.

"Mimi sina neno ya kumuambia," alisema Mama Angèle. "Niliomba siku mbili, usiku na mchana. Basi. Nitafunga nyumba, nitarudi Yanonge kwa kaka yangu. Na huko musinitafutie kanisa."

Akanyanyuka, akachukua kopo lake, akalimwaga lote kwenye kikapu chao, akaligeuza mdomo chini juu ya rafu. Akarudi kwenye mkeka.

Bon, basi. Mimi ndiye niliyepika tangu siku ile. Na lile kopo lilinisumbua. Nimelala nyumba nyingi, nimeona vitu vingi vimegeuzwa, lakini kila nilipopuliza moto niliona kitako cha kopo kinanitazama. Siku ya tatu nikaligeuza, nikatia konzi moja. Siku ya pili yake tena. Nilipopika fufu, nikatia konzi ya unga. Maharagwe, konzi ya maharagwe. Siku moja tulikuwa na makayabu, yule samaki wa chumvi. Makayabu hashikiki kwa konzi, basi nikatia kichwa.

Karibu wiki mbili nikafanya hivyo; Ijumaa ya katikati wamama waliipita nyumba yetu, wakijua kopo ni tupu. Mama Angèle alikula vijiko vitatu, akalala. Nguo zake alikuwa ameshafunga ndani ya kitenge, zikingoja pirogi, mtumbwi wa kaka yake, Jumapili.

Ijumaa kabla ya safari wamama wakapita kumuaga Mama Angèle. Binti mmoja wa mtaa wa Tshopo amezaa mapacha, walisema, nyumbani hakuna kitu. Kadidja akawaonyesha rafu.

"Hata hapa iko kitu, lakini sijui ni nini. Nasikia harufu tangu jana."

Mama Micheline akafunua. Akafunika upesi.

"Yesu wangu! Nani amekufa humu?"

"Lete nione," alisema Kadidja. Akachungulia, akapiga kelele. "Papa Évariste! Mutu anaweka kichwa ya samaki ndani ya muchele?"

"Tulikula samaki siku ile," nikasema. "Nilidhani ndiyo sheria."

"Sheria gani? Hata sisi Waislamu tunajua ni muchele!"

Walicheka wote, wameshikana mabega. Niliona haya, nikashika nyundo yangu kama mtu mwenye kazi. Halafu kicheko kikakatika. Mama Angèle alikuwa amesimama mlangoni.

Alichukua kopo. Akatazama ndani kwa muda.

"Nani aliligeuza?"

"Mimi, Mama."

"Na uliomba nini?"

"Sikuomba. Maneno yako siyajui yote. Nilisema tu: hii ni ya Angèle, ametoka kidogo, atarudi."

Midomo yake ilitetemeka, nikafikiri analia, na kweli alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwa kinasukuma kutoka chini. "Kichwa!" alisema. "Kichwa ya makayabu! Benoît angekufa mara ya pili."

Akaagiza lungo. Akakaa kwenye kigoda, akamwaga vyote, akatupa kichwa, akaanza kupepeta. Unga ukaruka, maharagwe yakaenda pembeni, mchele ukabaki. Akauosha maji matatu ili harufu itoke. Hakuimba siku ile, kama alivyozoea zamani akipepeta. Lakini alipoutia kwenye kikapu alisema, polepole kama mtu anayejaribu mguu uliovunjika, "Bwana, hii ya mwenye kulala njaa." Akaenda na wamama hadi Tshopo, kwa miguu, kuona mapacha.

Jumapili kaka yake akafika na pirogi. Akamkuta dada yake anatoka misa, na ule mzigo wa kitenge umeshafunguliwa. Akapewa wali, akarudi Yanonge peke yake.

Mimi niliondoka mwezi wa tano, meli ilipokuja. Mama Angèle alinifungia chikwangue ya njiani, ule mkate wa muhogo, na kopo moja tupu, safi.

"Kabla ya maji kuchemka, Papa. Na muchele peke yake."

Ninalo hadi leo. Mahali ninapolala nalijaza, nikisema maneno yale mafupi. Sasa nayajua yote, na mengine nimeongeza yangu. Likijaa natafuta mlango wa mgonjwa. Naambiwa nimezeeka, nikae sehemu moja. Labda. Makayabu lakini sijatia tena.