Sketi ya Siku Saba

Kisanduku kwenye skrini kilikuwa kitupu, nacho kilidai namba moja tu: siku za kujaribu bure. Mshonaji alikuwa amekikodolea macho tangu asubuhi. Masomo yake ya ushonaji, yaliyotolewa kwa simu, yalikuwa yakifa. Wanafunzi walijiandikisha kwa shangwe, na siku ya saba wakampa kisogo, asibaki hata mmoja wa kulipia.

"Weka thelathini," alimwambia mdogo wake, aliyeuendesha mtambo wa masomo hayo.

"Mwezi mzima, dada? Watajifunza yote, watuage. Mkono mtupu haulambwi."

"Na huo wa siku saba, nani kaulamba?"

"Kila mtu anaweka saba."

"Kila mtu hafundishi kushona!"

Juma zima walikuwa wakitwanga maji hayo kinuni. Kila alipodai sababu, alijibiwa saba.

Ndipo wifi yake, mke wa huyo mdogo wake, alipoingia na mfuko, akaumwaga juu ya meza ya kukatia: vipande vinne vya sketi ya buluu, vimekatwa vizuri, havina hata mshono mmoja.

"Wifi, nilijiandikisha kimyakimya ili nikushangaze. Nimepima, nimekata. Leo nataka kuunganisha, simu inasema muda umekwisha, nilipe. Sasa niende kazini nimejifunga vipande?"

"Si ungeniambia?" mumewe alisema.

"Nikuambie wewe uliyenifungia mlango?"

Mshonaji alicheka, kisha akavitazama tena vile vipande. Masomo aliyapanga mwenyewe: juma la kwanza kupima na kukata, kushona baadaye. Basi kila aliyeondoka aliondoka na kitambaa kilichokatwakatwa, huku akimlaani mwalimu. Na hiyo thelathini yake, je, aliiokota wapi? Hewani, kama mdogo wake alivyoiokota saba.

Alivuta kiti mbele ya cherehani.

"Keti, wifi. Nawe, mdogo wangu, mfungulie masomo, na mtu asimsaidie. Siku atakayoivaa sketi, hiyo ndiyo namba yetu."

"Dada, mtambo unataka namba leo!"

"Usubiri."

"Na akichukua miezi miwili?"

"Wewe!" wifi alifoka, huku akitunga uzi. Uzi ulikosa tundu la sindano. Akalamba ncha, akajaribu tena, ukakosa.

Mshonaji aliibana mikono yake kwapani isije ikamsaidia.