Mapovu ya Kimiminika K

Karatasi ya kwanza ilisema mapovu. Ya pili ikasema mapovu. Nilipofika ya tisa niliweka kalamu nyekundu mezani nikaenda dirishani kuvuta hewa, maana kilichokuwa kinanipanda kooni hakikuwa hasira. Hasira naijua, tumezoeana. Hiki kilikuwa kinyaa, kile cha mtu aliyefunua sufuria akakuta funza.

Kimiminika K, walichopewa kidato cha nne asubuhi ile katika mtihani wa vitendo wa kujipima, kilikuwa alkoholi. Nilikimimina kwa mkono wangu mwenyewe katika vichupa arobaini na kimoja. Swali lilikuwa jepesi: K ni cha kundi gani la kampaundi za kaboni? Kwa macho, vimiminika hivi havina tofauti, vyote ni vyangavu kama maji. Kinachovitenga ni kundi tendaji, kile kipande kidogo cha atomi kilichoshikizwa kwenye mnyororo wa kaboni, ambacho ndicho kinachoamua tabia ya kitu kizima. Tia magadi kidogo kwenye asidi, yatatoka mapovu. Tia kwenye alkoholi, hakuna kitu, magadi yatajilalia chini yametulia. Isitoshe, maabara nzima ilikuwa inanuka spiriti kama wodi ya hospitali. Na bado wanafunzi arobaini na mmoja, wenye macho yao na pua zao, waliandika neno kwa neno: “Harufu ya siki. Mapovu mengi yanatoka kwa kishindo. K ni asidi.”

Kwa kishindo! Walikisikia wapi hicho kishindo, wakati chumbani mlikuwa kimya hata inzi ungemsikia?

Wananiita Mwalimu Siki. Wanadhani sijui. Basi siku ile nilichacha kweli kweli, kwa sababu jibu lile nililitambua. Lilikuwa langu. Jumapili, nilipotunga mtihani, nilikusudia K iwe asidi, nikaandika na mwongozo wa kusahihishia. Asubuhi ya mtihani nikakuta kifuniko cha chupa ya asidi kimelegea na asidi yote imekwenda na hewa, nikaamua kutumia alkoholi. Mwongozo wa zamani ulibaki nyumbani, juu ya meza ya kulia, na ndani yake kulikuwa na sentensi ile ile, kishindo na yote. Na kwenye meza ile anakula na kusoma binti wa kaka yangu, niliyemlea tangu ana miaka minne, aliye katika darasa lile lile.

Sikungoja kumaliza kusahihisha. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa shule nikamwambia mtihani umeibwa.

Mkuu alikuwa anamenya karanga juu ya gazeti, kama kawaida yake. “Nyumbani kwako si kuna mwanafunzi?” akauliza.

“Yupo.”

“Basi umeshampata mwizi wako. Kamati ya nidhamu inakaa Ijumaa.” Akapuliza maganda. “Pole, Mwalimu. Lakini unajua anayeiba mtihani harudi shule hii.”

“Hata awe wangu,” nikasema, na nilijisikia fahari kusema hivyo. Nikikumbuka fahari ile sasa, natamani kuitema.

Nilirudi nyumbani nikamkuta binti uani anapiga pasi sare. Sikumsalimu.

“Ulisoma karatasi yangu.”

“Karatasi gani, shangazi?”

“Usinifanye mtoto mwenzako! Karatasi iliyokuwa mezani. Umeisoma, ukawagawia na wenzako. Haya, mliuziana au mlipeana bure?”

Aliinua pasi, akaisimamisha pembeni taratibu isije ikaunguza. Aliingia ndani akarudi na daftari la kemia la mwaka uliopita, lililofunikwa gazeti, akalifungua ukurasa wenye kichwa “Jaribio la Kumi na Nne”. Nikasoma. Kimiminika K. Harufu ya siki. Mapovu mengi yanatoka kwa kishindo.

“Ulitusomea tukaandika,” akasema. “Darasa zima tunalo. Tulilikariri.”

Nilikumbuka alasiri ile. Nilikuwa nimekaa, viatu nimevivua chini ya meza, ninasoma kutoka kwenye daftari langu la chuo, na wao wameinama wanaandika. Kumbe hata mwongozo wa Jumapili niliuchota humo humo, kwa mazoea tu, bila kufikiri.

“Sawa,” nikasema, nikitafuta pa kushika. “Hukuiba. Lakini leo ulikuwa na chupa mkononi! Uliona nini?”

“Hakuna kitu. Niliweka magadi yakakaa tu. Nikaongeza, yakakaa.”

“Na harufu?”

“Spiriti.”

“Sasa kwa nini, mtoto wewe, uliandika siki?”

Akanitazama kama mtu anayeona haya kwa niaba yangu. “Nilidhani pua yangu ndiyo imekosea. Maneno ni yako, shangazi. Mimi mapovu yenyewe sijawahi kuyaona hata siku moja. Ningejuaje kwamba hayapo?”

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Maabara nimeifunga kwa kufuli mwaka wa sita sasa, naifungua siku za mtihani tu. Kemikali ni ghali, chupa moja ya asidi ndiyo ya mwaka mzima, nazo lazima zibaki kwa ajili ya mtihani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaambia, na mwenyewe nilikuwa naamini. Nilipoingia jikoni kunywa maji nikaiona rafu yangu: chupa ya siki imesimama karibu na chumvi, na nyuma yake kopo la magadi ya kulainishia maharage. Vyote nilivinunua dukani, kwa bei ya kucheka, na siki ni asidi ile ile. Nikayamwaga maji kwenye karo.

Na kulikuwa na jambo lililochukiza zaidi, ambalo binti hakulijua. Maabara ina rejista. Kila wiki mwalimu huandika jaribio lililofanywa, matokeo yake, na sahihi. Rejista yetu haina hata pengo moja. “Jaribio limefanyika. Mapovu yameonekana.” Sahihi yangu. Wiki baada ya wiki, miaka sita, mapovu ambayo hayakutoka kwenye chupa yoyote. Nilikuwa nimewaonea kinyaa watoto kwa kufanya mara moja kazi ninayoifanya kila Ijumaa.

Asubuhi nilimwambia binti anifuate, nikaingia ofisini kwa Mkuu na rejista kwapani.

“Mtihani haukuibwa,” nikasema. Nikamweleza yote, kisha nikamfungulia rejista mezani.

Aliifungua kurasa mbili, tatu. Chini ya kila sahihi yangu kulikuwa na mhuri wake. Akavua miwani.

“Mwalimu, lifunge hilo daftari.”

“Kamati lazima ilione. Bila hivyo watauliza watoto wamepata wapi sentensi moja.”

“Kamati ikiliona, na mkaguzi ataliona.” Alisema kwa upole, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa. “Tusikuze mambo. Binti abebe lawama, apumzike mwaka mmoja, halafu nitamtafutia nafasi kwingine. Yeye ni mdogo bado. Wewe una miaka kumi na tisa kazini, na nyumba haijaezekwa. Sivyo?”

“Imefika kwenye lenta.”

“Si umeona?” Akanisogezea karanga zilizomenywa. “Hakuna aliyeumia hapa.”

Haya ndiyo yanayonitapisha mpaka leo: mkono wangu ulinyooka. Miaka yote tulikuwa tunazungumza hivyo, yeye anamenya na mimi nakula, na mkono ukafuata desturi yake. Vidole vilishagusa karanga nilipoviona. Nilivirudisha nikavifuta kwenye sketi.

“Mimi ndiye niliyesema mwizi,” nikamwambia. “Ijumaa nitakwenda kuifuta kauli yangu mbele yao, na hili daftari nitakuwa nalo.”

“Unajua watakachokufanya?”

“Najua.”

“Na mimi je?”

“Hilo utawajibu mwenyewe, Mkuu.”

Nilitoka nimeishika rejista kwa mikono miwili. Binti alikuwa kwenye benchi la nje, amejikunyata, kiatu kimoja kimefunguka kamba na hana habari.

“Nimefukuzwa?” akauliza.

“Wewe? Hapana.”

“Nani basi?”

“Ijumaa watatuambia. Funga kiatu.”

Alifunga. Nikatoa ufunguo wa maabara mkobani, chini ya chupa ya siki na kopo la magadi nilivyovibeba kutoka jikoni, nikamwekea kiganjani.

“Kafungue madirisha yote. Halafu nenda darasani uniitie wenzako, wote arobaini.”

“Waje na nini, shangazi?”

“Waje na macho na pua. Madaftari wayaache huko huko.”