Kidole cha Kupimia Maji ya Wali

Jumanne jioni, chumba namba saba walipika tambi nyembamba kwa kopo moja la samaki lililobonyea, na kwa mara ya kwanza tangu wahamie pale, wali wa kulia ukatoka bokoboko.

Walikuwa wanawake watatu, wote wa kiwanda cha samaki wa kopo kilicho ng'ambo ya barabara, hapo Gensan, mji wa bandari kusini mwa Ufilipino, na sufuria yao ilikuwa moja. Manang (yaani Dada) Pacing, mkubwa wao, mwenye miaka hamsini na miwili, ndiye aliyekwenda sokoni. Alimjua muuzaji anayetoa mifupa ya jodari ikiwa bado na nyama, na yule anayeongeza konzi ya majani ya mlonge ukimchekea. Marivic, mdogo wao, alikatakata vitunguu na kusema maneno. Nenita alipika wali.

Kupika wali si kazi ya kila mtu, asikudanganye mtu. Unasawazisha mchele sufuriani, unasimamisha kidole cha shahada juu yake, unamimina maji mpaka yafike pingili ya kwanza, basi. Vikombe na mizani ni mambo ya hotelini. Manang Pacing alikuwa na kidole kifupi, wali wake ulibaki na viini. Marivic alizamisha chake mpaka pingili ya pili, hata umwambie mara mia. Kidole cha Nenita ndicho kilichokuwa kipimo, na wali wake ulichambuka punje kwa punje.

Jumanne hiyo, saa tano ya asubuhi, msumeno wa umeme wa kukatia jodari walioganda ulikichukua kidole hicho. Zamani msumeno ulikuwa na kinga ya bati. Msimamizi aliiondoa mwezi wa Februari kwa sababu ilichelewesha kazi. Muuguzi wa kiwanda alimfunga Nenita bendeji, akaandika kwenye daftari lake "mkwaruzo", akampa siku tatu za kupumzika. Kidole kilitafutwa hadi kwenye mapipa ya vichwa vya samaki na hakikuonekana.

Jumatano saa kumi na moja na nusu jioni, mchele ukiwa umeshaoshwa, kidole kilipita chini ya mlango. Kilikuwa kimejikunja kidogo, kimechoka. Kilipanda mguu wa meza, kikajitumbukiza kwenye bakuli la maji, kikajisugua vizuri, kisha kikasimama juu ya mchele na kungoja.

"Kimechelewa," alisema Manang Pacing, akamimina maji.

Maji yalipofika pingili ya kwanza, kiligonga ukingo wa sufuria mara moja.

"Angalau kimekumbuka nyumbani," alisema Marivic. "Kuna wanaume hawana hata akili hiyo!"

Nenita alicheka mpaka kidonda kikamuuma. Walikula wali mzuri kwa bilinganya za kuchoma zilizokaangwa na mayai, na kidole kikapumzika juu ya kitambaa kando ya jiko.

Ndipo Marivic akasema, mdomo umejaa chakula, kwamba ubaoni wamebandika orodha mpya. Kuanzia Ijumaa yeye ndiye wa msumeno.

"Msumeno upi?" Nenita aliuliza.

"Upo mwingine? Wako."

Nenita aliweka kijiko chini. Alimtazama Marivic, miaka kumi na tisa, mkono wake mwembamba juu ya sahani. Kiwandani rangi ya kucha ilikatazwa, na Marivic alipaka kucha moja tu, nyekundu, ya kidole kidogo, kwa kuwa ndani ya glavu hakuna anayeiona.

"Usinitazame hivyo, Manang Nenita, kama maiti," alisema Marivic. "Nitakuwa mwangalifu."

"Mimi nilikuwa mzembe?"

Marivic aliinuka, akaanza kukusanya sahani.

Alhamisi alfajiri Nenita alikingoja kidole mlangoni, akakidaka kikiwa tayari kinatoka, akakitia kwenye mkebe wa chakula. Alitaka kitu kimoja: ajali iandikwe kuwa ajali, kinga irudishwe kabla ya Ijumaa. Njia nzima kidole kiligonga mfuniko kwa ndani, kikihangaika kwamba kitachelewa.

Karani wa wafanyakazi, Bwana Escudero, alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi. Alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunua mkebe na kuchungulia.

"Hiki ndicho kidole chako?"

"Ndicho, Bosi."

"Una hakika?"

"Nimekaa nacho miaka thelathini na minne."

"Kwa hiyo kipo."

"Kipo."

"Basi umepoteza nini, Inday, binti yangu?"

Karani aliubeba mkebe mpaka kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Kidole kiliruka chenyewe, kikajibandika kwenye kioo, taa ikawaka kijani na mashine ikasema asante. Bwana Escudero alichapa orodha ya mahudhurio, akamwonyesha kwa kalamu: Jumanne yupo, Jumatano yupo, Alhamisi yupo, ameingia saa kumi na mbili kasoro dakika mbili.

"Hujachelewa hata siku moja," alisema. "Hata sasa hivi uko kazini."

"Lakini mimi si huyu hapa, Bosi? Nimekaa mbele yako!"

"Nakuona."

Loo! Nenita aliushika ukingo wa meza kwa vidole vyake tisa. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa matusi, kwa kufukuzwa kama mbwa. Hakujiandaa kwa mtu anayemwambia kwa upole kwamba hayo yaliyompata hayakumpata.

"Basi niacheni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Rudisheni kinga tu. Kesho mnaweka mtoto pale."

"Kinga hurudishwa palipotokea ajali," alisema Bwana Escudero. "Nionyeshe ajali."

Akamrudishia mkebe. Kidole kilibaki, kwa kuwa zamu ilikuwa imeshaanza.

Jioni kidole kilirudi na kupima maji kama kawaida. Nenita alikipa mgongo.

"Shahidi wa uongo, wewe," alikiambia. "Nimekulea mimi!"

"Usikilaumu," alisema Manang Pacing. "Kimezoea kazi, maskini. Kingefanya nini kingine?"

Nenita alimgeukia Marivic. "Kesho usiende. Nakuomba."

"Nisipokwenda, mama anapata wapi dawa?" alisema Marivic. "Macho ninayo mawili. Nitatazama."

Ijumaa ni siku ya choroko, kila nyumba mtaani. Manang Pacing alizichemsha zikavurugika, akatia samaki mkavu aliyemchambua, akamalizia na majani ya mlonge. Nenita aliosha mchele kwa mkono wa kushoto. Saa kumi na moja na nusu kidole chake kikapita chini ya mlango na kunawa. Kisha, badala ya kwenda kwenye mchele, kilisimama ukingoni mwa meza kikiuelekea mlango.

"Kinangoja nini?" aliuliza Manang Pacing.

Nenita alikuwa ameshajua.

Kidole kidogo kiliingia, kucha nyekundu. Kilitua kidogo pale Marivic anapovulia ndara zake, kisha kikapanda mguu wa meza. Kile cha kwanza kilisogea, kikakionyesha bakuli. Kikanawa.

"Mwanangu," alisema Manang Pacing. "Mwanangu wee." Alikaa chini kwa kishindo. Baada ya muda alisimama, kwa sababu choroko zilikuwa zinashika chini ya sufuria, akazikoroga.

Kidole cha Nenita hakikwenda kwenye mchele. Kilimwachia mgeni nafasi. Nenita alishika jagi, akamimina. Maji yalifika pingili ya kwanza, kidole kikakaa kimya. Aliendelea kumimina. Yalipofika pingili ya pili, kikagonga.

Marivic aliingia saa moja, uso umempauka, mkono umefungwa bendeji, na karatasi ya muuguzi imeandikwa mkwaruzo, siku tatu. Jumatatu msumeno ungepewa msichana wa chumba namba tisa. Manang Pacing alimvua Marivic ndara, Nenita akampakulia.

Alionja.

"Bokoboko," alisema kwa sauti ndogo. "Leo nani kapima maji?"

"Wewe," alisema Nenita, akamwongezea choroko.