Koti la Tekle na Mdomo wa Vituccio

Wanawake wa Georgia waliokuja Bari, kusini mwa Italia, kulea wazee wa watu walifundishana kwanza maneno ya kuomba chumvi na kumwita daktari. Baada ya hapo walifundishana uziwi. Ukipita mbele ya baa, husikii. Ukiitwa, hukuitwa wewe. Ukipigiwa mluzi, ni ndege.

Lamara aliujua uziwi huo vizuri. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwao Kakheti, mkoa wa mizabibu wa Georgia, alifundisha jiografia miaka ishirini na sita kabla mshahara haujageuka kuwa kichekesho. Sasa ulikuwa mwaka wake wa nne akimhudumia Bibi Filomena, ajuza wa miaka themanini na tisa aliyeishi ghorofa ya tatu, mguu mmoja umekufa na mdomo mzima kabisa.

Chini ya jengo kulikuwa na baa, na nje ya baa kulikuwa na Vituccio. Huyu alikuwa fundi bomba aliyestaafu mapema kwa ajili ya mgongo. Mgongo ule ulikuwa wa ajabu. Ulikataa katakata kuinama kuokota spana, lakini mwanamke mgeni akipita ulizunguka kama feni.

"Mrembo, bei gani leo?" alikuwa akiuliza. "Jamani, Urusi inazaa!"

Wenzake walikuwa wakicheka, Mimmo akiwazidi wote, kwa sababu Mimmo hakuwa na utani wake mwenyewe na ilimbidi aishi kwa wa wenzake. Lamara alikuwa akipita bila kugeuka. Matusi alishayazoea, lakini mwalimu wa jiografia ndani yake hakuwahi kuzoea ile Urusi.

Tekle, binti wa kaka yake, alifika mwezi wa nane kumlea mzee mmoja mtaa wa pili. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, Kitaliano chake kilikuwa cha kuombea maji, na uziwi ulikuwa haujamwingia.

"Shangazi, mbona hamjibu?" aliuliza siku za mwanzo.

"Ukimjibu mmoja, kesho wanakuja watano kusikiliza jibu."

"Na usipomjibu?"

Lamara akamwambia ale.

Mwezi wa kumi ulipoingia, soko likajaa zabibu, na Lamara akashikwa na homa inayowashika watu wa Kakheti wote wakati huo popote walipo: lazima apike churchkhela. Unatunga kokwa za jozi kwenye uzi mrefu, ukachemsha maji ya zabibu na unga mpaka yawe uji mzito wa kung'aa, ukachovya ule uzi mara mbili, mara tatu, kisha ukautundika ukauke. Ukikauka ni mtamu, unatafunika, na kwa mbali unafanana na mshumaa uliopindwa na joto.

Alhamisi mchana ndiyo iliyokuwa nafasi yao ya mapumziko. Lamara alibaki jikoni kwa Bibi Filomena akimenya jozi, akamtuma Tekle sokoni kuchukua kreti ya zabibu. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka, kwa hiyo Tekle alivaa koti lake la kijani lenye kofia, alilokuja nalo kutoka nyumbani.

Alirudi baada ya nusu saa na kreti iliyojaa nusu. Aliiweka mezani, akavua koti, akakaa.

"Nyingine ziko wapi?" Lamara akauliza.

"Barabarani."

"Umeteleza?"

"Yule mwenye mgongo. Alisema anataka kunisaidia kubeba." Tekle alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. "Akanishika mkono. Nikamwambia aniache, akazidi kukaza. Nikajivuta kwa nguvu, kreti ikapinduka. Wakacheka. Mmoja akaokota zabibu akala."

Alikunja mkono wa sweta. Juu ya kiwiko zilikuwepo alama nne nyekundu, na ya tano upande wa pili.

Lamara aliziangalia. Aliona haya, si kwa jambo lolote alilofanya, bali kwa miaka minne ya ndege wasiokuwa ndege. Kabla hajasema neno, kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Assunta, mke wa Vituccio. Alikuwa msusi, na kila Alhamisi alipanda kumtengeneza Bibi Filomena nywele. Alikuwa pia mtu pekee katika jengo lile aliyemwita Lamara kwa jina lake badala ya "ile ya Filomena". Leo aliingia na machanuo mkononi na macho mekundu.

"Kuna nini?" Lamara akamuuliza.

Assunta aliketi hata kabla ya kumsalimu bibi. "Rosaria wangu. Kanipigia asubuhi analia." Rosaria alikuwa binti yao, mhudumu wa hoteli huko Stuttgart. "Kuna mwanaume anamfuata kutoka kwenye tramu. Siku ya tatu hii. Anamwuliza anauza bei gani. Mwanangu! Eti kwa kuwa ni Mtaliano, basi yuko kwa ajili hiyo."

"Masikini," alisema Lamara.

"Baba yake alitaka kupanda ndege leo hii. Kapiga meza ngumi mpaka kikombe kikavunjika. Anasema atakayemgusa Rosaria atamkata mikono."

Tekle aliyashika maneno mawili matatu tu. "Anasema nini, shangazi?"

Lamara akamtafsiria kwa Kigeorgia, polepole, bila kupunguza wala kuongeza. Tekle alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyoosha mkono wake juu ya meza, kati ya maganda ya jozi, alama zikiangalia juu.

"Nani kakufanya hivi?" Assunta aliuliza.

Lamara alimfikiria rafiki yake wa pekee, akafikiria na kazi yake. Aliyejibu ni Bibi Filomena, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha.

"Vituccio, nani mwingine? Mimi mguu ndio umekufa, masikio bado. Kila siku nasikia mumeo anavyobweka hapo chini."

"Anatania tu," alisema Assunta haraka, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikija. "Ndivyo alivyo. Hana ubaya."

"Na yule wa Stuttgart," Lamara alisema, "labda naye anatania. Labda mama yake naye anasema ndivyo alivyo."

Assunta aliutazama ule mkono tena. Akaweka kidole chake juu ya alama moja, taratibu, kama anayepima, na Lamara akaelewa: alikuwa anaujua ukubwa wa vidole vile.

Hatimaye Assunta akasimama. "Zabibu hazitoshi, sivyo?"

"Hazitoshi," Lamara akakubali.

"Nipe koti la mtoto. Na kreti tupu."

Lamara hakutaka kumpa. Tekle, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, ndiye aliyeelewa. Alichukua koti akamvika Assunta, akamfunga vifungo, akamtupia kofia kichwani.

Walimsukuma Bibi Filomena mpaka kwenye roshani, maana alisema wakimwacha ndani atapiga kelele mpaka afe, na mwili wake watauzika wenyewe. Kutoka juu walimwona Assunta akitoka jengoni, kreti begani upande wa baa, uso haukuonekana. Alikuwa na miaka hamsini na minane na mwendo wa miaka hiyo. Lakini Vituccio hakuwahi kuwa mtu wa kuangalia mwanamke ni nani. Koti lilikuwa la kigeni, na hilo lilimtosha.

"Ah, karudi!" alisema, akijinyoosha kitini. "Nilijua utarudi, mpenzi. Unaona, Mimmo? Wanajifanya hawataki. Haya, sema basi, bei gani?"

Koti la kijani likasimama. Kreti ikashuka kutoka begani, kofia ikarudi nyuma.

"Miaka thelathini na mitatu, Vituccio," alisema Assunta. "Na mpaka leo sijalipwa."

Hata kutoka ghorofa ya tatu Lamara aliona jinsi uso wa yule mwanaume ulivyopauka. Mimmo akacheka mpaka akashika meza.

Assunta akamgeukia. "Unacheka nini wewe? Mama yako alifua mashuka Ubelgiji miaka kumi na moja. Umewahi kumwuliza walikuwa wanamwitaje barabarani? Kamwulize. Yuko hai bado."

Mimmo akaacha kucheka. Hakuna aliyejua aangalie wapi, na mmoja akaanza kusoma gazeti la juzi kwa bidii kubwa.

"Assunta, twende nyumbani," Vituccio akasema chini chini. "Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie, nyie si mnapenda kuangalia? Chukua kreti."

"Mgongo wangu..."

"Chukua."

Alichukua. Walikwenda sokoni na kurudi, mke mbele na mume nyuma, na zile ngazi za ghorofa tatu akazipanda bila kupumzika, mgongo wake ukiwa umepona ghafla. Alipofika jikoni alitua zabibu sakafuni akabaki mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha kiti. Hakumwangalia Tekle, aliangalia sufuria.

Assunta alikwisha kupiga simu. "Rosaria, mwanangu, baba yako ana neno." Akamkabidhi.

"Niseme nini?" Vituccio alinong'ona.

"Mwambie ulichomwuliza huyu binti. Na ulipomshika."

Alishika simu kama mtu aliyepewa kaa la moto. Sauti ya Rosaria ilisikika: "Baba? Baba, kuna nini?"

"Hapa..." Akameza mate. "Hapa wanapika vitu vya zabibu."

Assunta akamnyang'anya. Alimweleza binti yake yote kwa sentensi nne. Kisha Rosaria akasema, "Mpe huyo msichana simu."

"Haelewi Kitaliano, mwanangu."

Lakini Tekle alikwisha kunyoosha mkono. Shuleni kwao alisoma Kijerumani miaka minane, na Rosaria alikuwa akikiongea mwaka wa sita. Wakaongea. Mwanzoni Tekle alijibu kwa maneno mafupi, akiutazama mkono wake. Kisha yakawa marefu. Wakati mmoja alimtupia jicho Vituccio, akamkagua kutoka viatu mpaka kipara, akasema kitu, na kicheko cha Rosaria kikajaa jikoni pote. Baadaye Tekle hakucheka tena. Alisikiliza tu akitikisa kichwa, na macho yake yakalowa kidogo. Maongezi yalichukua dakika kumi nzima.

Vituccio alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. "Wamesema nini?" aliuliza simu ilipokatwa. Alimwuliza mkewe, halafu Lamara, halafu hata Bibi Filomena. "Amesema nini mwanangu?"

Tekle akasogeza kreti, akaanza kuosha zabibu.

"Nenda nyumbani, Vituccio," alisema Assunta. "Mimi nina nywele za kutengeneza."

Rosaria hakuzungumza na baba yake mpaka Krismasi, na hata hapo alimwambia maneno machache. Yule wa kwenye tramu, Rosaria alimripoti polisi, akiwa na wenzake wawili wa hotelini. Vituccio alihama baa. Huko alikohamia, Lamara alisikia kwa wenzake, anakunywa kahawa akiwa amegeukia ukuta. Wengine mdomo wao haukubadilika. Mimmo alinyamaza mwezi mmoja, kisha siku moja akapiga mluzi. Tekle akasimama mbele yake katikati ya njia, akamtazama bila kupepesa mpaka Mimmo akaingia ndani na kikombe chake.

Alhamisi ile ya koti walitundika nyuzi kumi na nane za churchkhela kwenye roshani. Tisa walizituma Stuttgart. Bibi Filomena, aliyekuwa hana meno, aliinyonya ya kwake siku tatu mfululizo, akilalamika kila siku kwamba ni ngumu, na akikataa kila siku kunyang'anywa.