Kipande cha Bitana

Ndoto hii niliiota jana, tena mchana kweupe, baada ya ugali na mlenda, kichwa nimekilaza juu ya cherehani. Nililala na hasira, nikaota kwa hasira, na hata sasa ninavyosimulia bado ninayo. Anayetaka ndoto ya kupendeza amtafute mwingine.

Hasira yenyewe ilianza asubuhi. Nilikwenda kwenye usaili wa ualimu wa ushonaji katika chuo kimoja hapa Morogoro. Mimi, Stumai, nina miaka ishirini na miwili kwenye cherehani. Nimewashonea maharusi, wanakwaya na watoto wa shule, na sijawahi kuwa fundi wa "njoo kesho". Mwenyekiti wa jopo, Bwana Kalokola, hakuniambia nikate hata kola. Aliniuliza kwa Kiingereza ninashona nini. Nikamjibu ninashona "cloth". Akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mama, 'cloth' ni kitambaa kitupu. Hapo hujashona kitu. Utafundishaje kitu usichoweza kukitaja?"

Akanipa maneno manne, "cloth", "clothes", "clothing" na "garment", nikayatafutie tofauti na kurudi Alhamisi saa tatu. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Na huyo anayenicheka, koti lake lilikuwa limemkaa upande begani, kama limeshonwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa. Nikaondoka na maneno yake manne, maana nafasi naitaka.

Basi nimelala. Cherehani inakohoa.

"Stumai," inaniambia, "vua viatu. Umeitwa."

Ninavua. Mlango wa kibanda changu, ambao siku zote unatazama mtaro, sasa unatazama ukumbi wa chuo. Sakafu ni ya khaki, imepigwa pasi. Mlinzi ni mkasi mkubwa, umevaa kofia.

"Taarifa yako inasema unashona 'cloth'," unasema.

"Ulimi uliteleza."

"Imeshaandikwa. 'Cloth' ni kitambaa ambacho hakijashonwa. Kwa hiyo hakuna ulichowahi kushona."

Mishono ya gauni langu ikaanza kuachia, mmoja mmoja, bila haraka. Nikabaki na vipande sita mkononi. Kimoja nikajifunga kifuani kama kanga, vingine nikavikunja, kwa sababu sipendi kitambaa kilale chini.

Nyuma yangu wakaingia watu. Ilikuwa kwaya nzima niliyoishonea sare za zambarau, kila mmoja ameshika mgongo wa sare yake na mikono ya sare hiyo pembeni, vyote vimeachana. Nyuma yao alikuja Namsifu, bibi harusi wangu wa mwezi uliopita, na mita nane za lesi begani.

"Fundi, nilikuwa madhabahuni," aliniambia. "Mchungaji amesimama anasubiri. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni Kiingereza."

"Nimemwambia. Anauliza Kiingereza cha nani."

Hapo ndipo uchungu uliponishika hasa. Macho yangu yamechakaa kwa kutunga uzi, halafu neno moja linafuta yote. Mama yangu alizikwa kwa sanda isiyo na mshono hata mmoja, na sidhani kama huko alikokwenda waliuliza inaitwaje kwa Kiingereza.

Nikageuka nimtafute mlinzi nimtukane. Ukumbi haupo. Niko stesheni ya treni, na kwenye benchi limelala jora la kitambaa cha kijivu, limevaa miwani.

"Mimi ndiye 'cloth'," linasema. "Sina mikono wala shingo. Mpaka mtu anishone, kazi yangu ni kulala."

"Umenivunjia maisha yangu yote."

"Mimi? Mimi nimelala."

Treni inaingia. Mabehewa yamejaa mashati, suruali na sketi, zinaongea zote kwa pamoja, zinasema zenyewe ni "clothes". Naomba shati moja tu nijistiri.

"Hatutoki mmoja mmoja," zinajibu. "Jina letu ni la wengi."

Navuta shati kwa nguvu. Linakuja, na nyuma yake mashati arobaini yameshikana mikono, na mwisho kabisa soksi inayolia. Nayaachia. Yanarudi behewani yakininung'unikia.

Likashuka vazi moja refu lililotiwa wanga, lina lebo shingoni.

"'Garment'," likajitambulisha. "Mimi ni vazi moja, na nahesabika. Nyumbani hawaniiti hivi, wananiita hivi viwandani na kwenye barua rasmi. Usinishike na hayo majasho."

Kisha spika ya stesheni ikatangaza kwamba yeye ndiye "clothing", yaani mavazi yote kwa ujumla wake, na kwamba hahesabiki. Kwa ubishi nikaanza kuhesabu. Moja. Moja. Moja.

"Ni kama unga," spika ikanieleza. "Magunia utayahesabu, unga wenyewe hapana."

Na huko mwisho wa jukwaa, nyuma ya meza, alikuwa Bwana Kalokola na kikombe chake cha chai.

"Haya mama. Tofauti?"

Namsifu alikuwa ananitazama, lesi begani. Kwaya ilikuwa inanitazama. Nikavuta futi yangu ya kupimia shingoni.

"Inua mkono," nikamwambia Bwana Kalokola.

"Hiyo inaitwaje kwa Kiingereza?"

"Inaitwa inua mkono."

Akainua. Nikampima, nikaandika kwenye daftari. Mimi kila mteja nina desturi ya kukata kipande kidogo cha kitambaa chake na kukibandika kwa pini kwenye ukurasa wake, nisije nikachanganya mali za watu. Kwa kuwa hakuja na kitambaa, nilifunua koti lake nikakata kwenye bitana, ile ya ndani, ya bluu yenye mistari myeupe.

"Umenikata," akasema.

"Ni kawaida ya kazi."

Nikaliendea jora. Lilivua miwani, likajinyoosha lenyewe juu ya meza, na nilipolikata halikulia. Cherehani yangu ilikuwa imeshuka kwenye treni pamoja na abiria wengine. Nikashona. Nilipofunga mshono wa mwisho, lile jora halikuwa kitambaa tena. Lilikuwa koti, moja. Lile vazi la lebo likaja likalipa mkono, likaliita "mwenzangu". Nikalitupa koti behewani, mashati yakasogeana yakalipa nafasi. Spika ikakohoa, ikakiri kwamba imeongezeka, ila haikusema kwa ngapi.

"Tofauti ndiyo hiyo umeiona," nikamwambia Bwana Kalokola. "Kilikuwa kitambaa, nimekishona kimekuwa vazi, kimeingia na wenzake zimekuwa nguo, na zote kwa ujumla ni mavazi. Andika."

Nyuma yangu mishono ilikuwa inarudi, nikaisikia inavyotembea. Namsifu aliinua pindo la gauni lake akakimbilia kanisani bila kuaga. Bwana Kalokola akafungua mdomo acheke, nikaona una zipu, tena ile nzuri ya chuma. Nikaifunga.

"Wifi. Wifi Stumai, amka, una mteja."

Wifi yangu Mwantumu alikuwa mlangoni, na mlango ulikuwa unatazama mtaro kama siku zote. Nyuma yake amesimama Bwana Kalokola, na shati tupu, koti amelikunja mkononi. Zipu hana.

"Nimeelekezwa kwa fundi mzuri," akasema. "Sikujua ni wewe." Akalifunua koti. "Nilikuwa ofisini mchana huu, sijamkaribia mtu wala msumari. Naona bitana imekatwa."

Ilikuwa imekatwa pembe nne, safi, kwa mkasi unaojua kazi.

Nikateremsha macho kwenye daftari nililokuwa nimelilalia juu ya cherehani. Kifua arobaini na mbili. Mkono ishirini na nne. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Mwandiko ni wangu. Pembeni, kwenye pini, kipande cha bluu chenye mistari myeupe. Nikalifunga daftari taratibu.

"Lilete," nikamwambia. "Na hilo bega nitakurekebishia."

"Ahsante, mama. Nije kesho?"

"Mimi si fundi wa 'njoo kesho'. Nitakuletea mwenyewe, Alhamisi saa tatu, mbele ya jopo lako. Utalivaa hapo hapo, ndipo uniulize linaitwaje."